Swali la Kuridhika Liwe la Mwisho

Ukifika nyumbani kwa mtu Mbagala umevaa fulana ya mradi, mjumbe yuko mbele yako, mkononi una kishikwambi, halafu ukamuuliza kama ameridhika na elimu ya afya anayopewa, atakujibu kwamba ameridhika sana. Wala hajakudanganya. Umemtembelea, amekutolea kigoda, ameona jua lilivyokuchoma, na swali lako lina jibu moja tu ambalo mwenyeji anaweza kumpa mgeni bila kumwaibisha. Nimekuwa mdodosaji, kisha msimamizi wa wadodosaji, Temeke na Kinondoni kwa miaka mingi. Jibu hilo mara nyingi hunifikia kabla sijamaliza kulisoma swali.

Lawama ya kwanza naipeleka kwenye utaratibu wetu wenyewe. Barua ya utambulisho hutoka manispaa, ikapita kwa mtendaji wa kata, ikashuka kwa mtendaji wa mtaa, naye akamwita mjumbe atuongoze. Bila barua tungefukuzwa, tena kwa haki. Lakini ukifika mlangoni na mihuri yote hiyo, wewe si mtu wa takwimu tena. Wewe ni serikali, au ni mradi, na watu wanajua kwamba mradi ukisemwa vibaya unaweza kufungasha virago ukaenda zake Kigamboni.

Kliniki ndiyo pabaya zaidi. Tulikuwa tukiwahoji akina mama wanaotoka kupima watoto, kwenye benchi lililo hatua chache kutoka dirisha la dawa. Muuguzi akipita, mama anashusha sauti na kusema huduma ni nzuri. Mwezi ujao atarudi na kadi ya mtoto kwa muuguzi yuleyule, na mimi sitakuwepo.

Baadaye zikaja simu. Temeke peke yake ilihesabiwa watu 1,346,674 katika sensa ya 2022, na hakuna idadi ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii inayoweza kubisha hodi kwa wote hao. Wazazi Nipendeni ilikuwa imeonyesha njia tangu Novemba 2012: mjamzito au mzazi alituma neno "mtoto" kwenda 15001, akaanza kupokea ujumbe wa ushauri bila malipo. Miradi mingine ya ujumbe mfupi ikafuata, na sisi tukapewa kazi ya kupiga simu kuuliza watu wanaionaje.

Unapiga namba ya mama mjamzito, anapokea mwanamume. "Huyo mke wangu, yuko sokoni. Niulize mimi tu." Simu ni ya nyumba nzima, na mara nyingi hulala mfukoni mwa baba. Wapo akina baba waliosoma kila ujumbe na kuwakumbusha wake zao siku ya kliniki; hao walinifurahisha kuliko tarakimu zozote. Wapo pia waliofuta kila kitu. Nchi hii ukiona ujumbe kutoka namba usiyoijua, unajua ni wale wa "ile hela itume kwenye namba hii". Hata 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, kuna mzee alinihakikishia kwamba ukiipiga salio linayeyuka.

Kisha Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zikaanza kuzimwa, na orodha zetu zikavurugika. Namba ya mama ikaja kuwa ya mtu mwingine kabisa. Kijana mmoja wa bodaboda, asiye na mke wala mchumba, alikuwa akihimizwa kila wiki ale mboga za majani kwa ajili ya mtoto aliye tumboni. Nilipomuuliza kama ameridhika na huduma alicheka mpaka akakohoa, akasema ameridhika sana. Dodoso halikuwa na kisanduku cha kumweka, ila cha "nimeridhika sana" kilikuwepo.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaomba watu wanionyeshe badala ya kuwauliza walivyojisikia. Chamazi nilimkuta mama aliyesema kipeperushi cha kuharisha kilikuwa kizuri na amekielewa chote. Nikamwomba, kama hatajali, anionyeshe anavyochanganya dawa ya chumvi na sukari ya pakiti. Kipeperushi kilisema lita 1. Akaleta jagi.

"Hili ni lita ngapi, mama?"

"Hata sijui, mwanangu. Ni jagi."

Nyumba ile ilipima kila kitu kwa kikombe, jagi na dumu. Mchanganyiko ukizidi maji haumfai mtoto inavyotakiwa, na ukipungua maji chumvi inamzidi. Mama yule hakuwa mjinga hata kidogo. Aliyekiandika kipeperushi hakuwahi kuingia jikoni kwake. Tungeandika "chupa 2 za maji za nusu lita" angeelewa palepale, maana chupa hizo zimejaa uani kwa kila mtu. Kwenye jedwali la ripoti, hata hivyo, alikuwa ameshahesabiwa miongoni mwa walioridhika.

Kazi hii si mpya, na waliotutangulia hawakuwa wazembe. Mchezo wa redio wa Twende na Wakati ulipoanza Redio Tanzania mwaka 1993, na yule dereva wa lori Mkwaju na wanawake wake wa njiani, watafiti hawakuishia kuuliza wasikilizaji kama wanaupenda. Kituo cha Dodoma kiliachwa kikirusha vipindi vingine kwa miaka miwili ili tabia za watu wa huku zilinganishwe na za huko, na kliniki za uzazi wa mpango zikawauliza wateja wapya wamesikia wapi. Yaani walitazama nani amechukua hatua. Sisi wenye vishikwambi tumerudi nyuma, tunauliza nani ametabasamu.

Jambo lililonigeuza mawazo lilitokea wakati wa kipindupindu, kilichoanzia Kinondoni Agosti 2015. Magari ya matangazo yalizunguka mitaani: chemsha maji, nawa mikono kwa sabuni, wahi kituo cha afya. Tulipopita baadaye kuuliza, walioridhika walikuwa wengi ajabu. Ila Manzese, ambayo siku hizo ilikuwa bado Kinondoni, mama ntilie mmoja alinikatiza.

"Tangazo zuri sana, dada. Na huo mkaa wa kuchemshia maji ya wateja wote hawa, utaletwa na hilo gari?"

Alikuwa amejaribu. Alichemsha maji siku za mwanzo, akapiga hesabu, akaona sahani ya wali itabidi ipande bei na wateja watahamia kwa jirani. Aliweka alama ya "sijaridhika". Aliyekuwa na banda pembeni yake alikuwa ameridhika sana, na maji yake yalitoka kwenye dumu moja kwa moja.

Tangu hapo nikaanza kuwasikiliza wanaolalamika kwa sikio jingine, na niliyoyaona yalijirudia. Mtu aliyeambiwa awahi zahanati akaenda, akaambiwa dawa hakuna, huyo analalamika. Aliyepiga simu ya ushauri na kukaa na muziki sikioni, analalamika. Aliyekitia kipeperushi chini ya godoro hana neno baya na mtu. Kwa hiyo asilimia ya walioridhika ikishuka baada ya kampeni, huwa sishtuki. Naenda kwanza kutazama ni akina nani wameshuka, na walikuwa wametoka wapi siku hiyo.

Swali la kuridhika sijaliondoa. Siwezi, jedwali la mfadhili lina mstari wake. Nimelihamisha tu. Zamani lilikuwa la kwanza, mtu akiwa bado kwenye salamu. Sasa natanguliza mengine: mara ya mwisho ulisikia nini, ulifanya nini kesho yake, ulikwama wapi, naomba unionyeshe. La kuridhika linakuja mwisho, na watu hulijibu polepole, wakitazama pembeni, wengine wakiniomba nilirudie.

Mara ya kwanza nilipofanya hivyo asilimia ilishuka, na kwenye kikao cha mrejesho bwana mmoja kutoka ofisi ya mradi akataka kujua wadodosaji wangu wamefundishwa na nani. Nilimwambia nimewafundisha mimi, kisha nikaomba tufungue ukurasa wa majibu ya "ulikwama wapi". Tulikaa kwenye ukurasa huo mpaka chai ikapoa.