Mabasi Mengi, Usafiri Shida

Gari la Msata lilijaa stendi ya Bagamoyo kabla kondakta hajamaliza kuita. Mpwa wangu akabanwa dirishani na kitabu chake cha mazoezi ya LSAT, mtihani wa wanaoomba kusoma sheria Marekani. Tulikuwa tunakwenda Fukayosi kwa mara ya kwanza, kwa mama yake mkubwa, anayelima mananasi huko.

Tangu Agosti 2024 mtihani huo umeacha mafumbo ya kupanga watu na vitu kwa masharti, na maswali ya kufikiri kimantiki yakaongezewa uzito: sehemu mbili zenye alama, kila moja dakika 35. Yanayomtesa binti ni ya kweli kinzani. Unapewa mambo mawili yanayogongana, kisha unatafuta jibu litakaloyaacha yote mawili yasimame. Yeye akiona mgongano huanza kubisha, na kubisha ndiko kusikoruhusiwa.

Nikamtungia la hapo hapo. Bandari ya Bagamoyo ina maji mafupi, bahari ikipwa mchanga unabaki wazi mpaka mbali. Lakini karne ya 19 misafara ya pembe kutoka Tabora na Ujiji ilishukia hapo, mzigo uvushwe Unguja. Imekuwaje?

“Labda biashara yenyewe haikuwa kubwa kiasi hicho.”

“Umeshaufuta ukweli mmoja.”

“Basi palikuwa na matajiri wengi.”

Hilo ndilo jibu la mtego. Linaeleza biashara, maji mafupi haliyagusi kabisa. Mzee aliyekaa nyuma yetu akashindwa kuvumilia.

“Jahazi likiingia maji yamejaa, yakipwa linakaa mchangani. Watu wanapakua kwa miguu. Maji yakirudi, linaelea, linaondoka. Wewe kina unakitakia nini?”

“Ahsante, babu,” mpwa wangu akasema, akiandika pembeni mwa ukurasa. Nikamwongezea kwamba Wajerumani, waliokuja na meli za mvuke, walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam mwaka 1891, kwenye bandari yenye kina. Maji yale yale mafupi yaliyowafaa watu wa jahazi yakawashinda wao. Kwa maoni yangu swali la namna hii lina faida kuliko kukariri tarehe, ingawa tarehe nazo tulikariri.

Tukavuka daraja la Ruvu, bonde likabaki nyuma. Fukayosi tukapokelewa vizuri, tukala mananasi hadi midomo ikawasha.

Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Lami hii ya kilomita 64, Bagamoyo hadi Msata, hupitisha magari ya Tanga, Moshi na Arusha yanayokwepa foleni za Chalinze na Kibaha. Tulisimama kando, mabasi yakitupita moja baada ya jingine, na usafiri hatuna.

“Madereva wana roho mbaya,” nikasema.

“Mjomba, hiyo ni lawama, haielezi kitu. Siti zimeuzwa huko huko Arusha. Basi likipita limejaa, hata yapite mia hayatusaidii.”

Mara basi moja likapunguza mwendo, likasimama mbele yetu. Dada yangu, mwenyeji wetu aliyetusindikiza, akacheka: “Haya, mwanasheria, na hili?”

Abiria wakashuka kukimbilia meza ya mananasi. Kondakta akatutazama, akatikisa kichwa: nafasi hakuna.

“Jibu langu bado liko pale pale,” akasema binti, akainua tena mkono kusimamisha linalofuata.