Hofu ya Maktaba

Mwaka 1986 mtafiti wa Marekani, Constance Mellon, aliipa jina hali ninayoiona kila muhula: hofu ya maktaba. Mwanafunzi hudhani wenzake wote wanajua kutafuta kitabu ila yeye. Basi huona haya kuuliza, akaondoka mikono mitupu.

Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyozinduliwa 2018, ina nafasi ya vitabu 800,000. Kijana atokaye Busunzu, Kibondo, ambaye huenda shule yake haikuwa na maktaba, ataanzia wapi? Kumwita mvivu ni kumwonea. Tumejenga rafu, hatujajenga ujasiri. Sisi wahadhiri tuingie naye maktabani wiki ya kwanza, nasi tumwulize mkutubi mbele yake. Kuuliza si ujinga.