Krosi Mbili

Gari kuukuu likianza kutetemeka, kila mtu anageuka fundi. Baba alituachia Land Cruiser pikapu ya 1988. Shemeji akasema ni tairi, jirani akasema injini, kaka akasema ni uzee tu, liuzwe chuma chakavu tugawane. Mimi sikutaka. Ndilo linalompeleka mama shamba na kliniki.

Mtetemo ukiupa nafasi unajieleza wenyewe. Huu ulianza kilomita 60 kwa saa, ukazidi kwenye 80. Gari likiwa limesimama, nikikanyaga mafuta, kimya. Basi si injini. Kwenye barabara tupu nikitoa gia, likienda kwa msukumo wake tu, mtetemo ulikuwa pale pale. Tairi tulishazipima mizani, tukazihamisha mbele na nyuma, wapi! Halafu ulikuwa wa harakaharaka, unavuma chini ya siti bila kugusa usukani. Propela shafti huzunguka zaidi ya mara tatu tairi likizunguka mara moja, kwa hiyo kasoro yake huja mbio kuliko ya tairi.

Nikalipeleka kwa mzee mmoja fundi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Weka mawe kwenye tairi, toa gia.”

Akaingia uvunguni, akaikamata shafti na kuitikisa. Krosi zilikuwa nzima: hazichezi, hazina ule unga mwekundu wa kutu unaoonyesha grisi imekauka. Akanyamaza, kisha akaniita: “Njoo utazame hizi uma.”

Krosi moja iko upande wa giaboksi, nyingine upande wa difu. Krosi inayozunguka ikiwa imepinda haina mwendo sawa: katika kila mzunguko inaharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Ile ya pili hufuta kosa la kwanza, mradi pembe zilingane na uma za shafti zinazozishika zielekee upande mmoja. Zetu zilipishana. Fundi aliyeifungua mwaka juzi hakuweka alama, akaichomeka meno yamehama. Krosi mbili nzima, kila moja inamharibia mwenzake. Wapenzi wa ushairi mtanielewa: vina vyote vipo, ila kina cha kati kimeangukia mizani ya tisa badala ya ya nane.

Mzee akafungua boliti nne za upande wa difu, akachomoa, akazungusha mpaka uma zikatazamana, akapiga grisi, akafunga. Hatukununua kipuri hata kimoja. Kwenye kilomita 80 mama alisinzia, na hoja ya kuuza imewekwa kiporo.

Kama una gari la namna hii, kabla hujanunua krosi mpya lala chini kwanza utazame uma. Na fundi akitaka kuifungua shafti yako, mkabidhi chaki kabla hajashika spana.