Alama ya kutoa iliyonisumbua chini ya pikapu

Naam wasomaji wangu, leo naiweka tarakilishi kando kidogo, ingawa mtaona kwamba kosa lilikuwa lile lile la siku zote.

Nina pikapu kuukuu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Springi zake za bapa zinapita chini ya ekseli, kwa hiyo kuishusha si kazi kubwa: unatia bloku ya chuma kati ya springi na ekseli, unafunga yubolti ndefu zaidi, na bodi inashuka kwa kimo cha bloku. Nilitaka sentimita 10. Mzee fundi wangu akaniambia, "Kijana, tia bloku zilizo sawa." Mimi nikanunua zilizokatwa mshazari wa digrii 4, eti zinarekebisha pua ya difu.

Taabu iko kwenye propela. Krosi ikifanya kazi kwa pembe, haizungushi upande wa pili kwa mwendo mmoja. Katika kila mzunguko inaharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili. Kwa pembe ya digrii 5, mwendo unapanda na kushuka kwa takriban asilimia 0.4. Ni kidogo, lakini propela huzunguka zaidi ya mara elfu mbili kwa dakika barabarani. Dawa ni krosi ya nyuma ifute kosa la ile ya mbele: pembe zao ziwe sawa, na uma mbili za propela zikae mstari mmoja. Wala pembe isiwe sufuri, maana sindano zilizo ndani ya krosi zisipotembea huchimba mahali pamoja.

Nikapima kwa simu, gari likiwa limekalia magurudumu yake, si jeki. Giaboksi digrii 3, propela 2, difu 3. Nikaandika programu fupi. Ikatoa pembe ya digrii 1 mbele na 1 nyuma. Safi kabisa!

Barabarani, kufika kilomita 80 kwa saa, sakafu ikaanza kutetemeka. Nikalaumu tairi, nikalipia kuzisawazisha, wapi! Nikapitia programu mstari kwa mstari, nisione dosari. Na Jumamosi nilikuwa nimeahidi kumpeleka mama Nyeri.

Ijumaa mzee akaingia chini na pima maji yake. Hakukawia.

"Kijana, pua ya difu inatazama chini."

Nilikuwa nimezifunga bloku kinyumenyume. Simu ilinionyesha 3, nami nikaandika 3 bila kujiuliza ni juu au chini. Ilikuwa 3 ya kutoa. Kwa hiyo krosi ya nyuma haikuwa na digrii 1 bali 5, na hakuna kilichokuwa kikiifuta. Tayari ilikuwa inacheza na kutoa unga mwekundu wa kutu. Ingekatika, propela ingepigapiga huku na huku chini ya gari, karibu na paipu za breki, mama akiwa ndani.

Nikapendekeza tuzigeuze tu. Mzee akakataa. Difu ilitoka kiwandani pua ikiwa juu digrii 1. Bloku za mshazari zikigeuzwa, ingefika 5, na krosi ya nyuma ingebaki na 3 dhidi ya 1 ya mbele. Kwa bloku zilizo sawa, pembe ni 1 na 1. Tena ukikanyaga mafuta springi hujipinda na pua ya difu huinuka, hivyo ni vyema ianze chini kidogo kuliko mstari wa giaboksi. Ndiyo maana ya lile neno lake la kwanza.

Tulibadilisha krosi na bloku jioni ile. Mama alisinzia kuanzia Thika mpaka Nyeri, nami sikumweleza sababu ya furaha yangu.

Programu yangu haikukosea hesabu hata moja. Niliyeilisha ndiye aliyekosea. Alamsiki.