Hojaji na Jina la Mtunzi: Utafiti wa Ushairi wa Kisomali Garissa

Mtafiti wa fasihi simulizi anayeelekea Garissa aghalabu huvuka daraja la Mto Tana akiwa na mbinu aliyokwisha kuichagua maktabani, nayo ni hojaji. Ukurasa wake wa kwanza huuliza jina, umri, mahali pa kuzaliwa na ukoo. Chuoni maswali hayo huhesabiwa kuwa utangulizi tu; Garissa yana historia yake. Mwaka 1989 serikali ya Kenya iliamuru Wasomali wa nchi hiyo wachujwe. Watu walihojiwa kuhusu nasaba zao, na waliokubaliwa wakapewa kadi za rangi ya waridi. Mtu aliyewahi kuulizwa ukoo wake kwa namna hiyo hujibu kwa hadhari, na jibu la hadhari ni msingi dhaifu wa uhakiki.

Kwa hiyo mtafiti makini huiweka hojaji kando, akashuhudia utendaji, akarekodi na kufanya mahojiano marefu. Hapo hukutana na tatizo la pili. Maadili ya utafiti humtaka afiche majina ya watoa habari. Lakini katika ushairi wa Kisomali, kama walivyoeleza Andrzejewski na Lewis mwaka 1964, na baadaye Said Samatar mwaka 1982, mghani hutakiwa kumtaja mtunzi kabla ya kughani shairi lake, na kulihifadhi neno kwa neno. Gabay huweza kuwa hoja katika mgogoro wa koo, na uzito wa hoja hutegemea nani aliyeitoa. Kumwita mtunzi huyo "Mtoa Habari Na. 7" ni kumnyang'anya mali yake na kulipotosha shairi lenyewe.

Inafaa basi kuzitenganisha nafsi mbili za mtu mmoja. Kama mtunzi, aulizwe iwapo ataka jina lake liandamane na shairi. Kama raia anayesimulia maisha yake, alindwe. Idhini hiyo iombwe baada ya shairi kusikilizwa, wakati msemaji anapojua ni nini kinachochukuliwa. Mbinu iliyoteuliwa kabla ya kuijua hadhira humjibia mtafiti swali ambalo mwenyeji hajaulizwa: ni wapi jina ni heshima, na ni wapi ni hatari.