Siku Moja ya Mjomba Katika Monaco

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Nchi nitakayoisimulia hapa mimi mwenyewe sijaikanyaga. Aliyeikanyaga ni mjomba wangu mkubwa, ambaye ni dobi katika meli kubwa ya watalii, ile iendayo bandari za Mediterania wakati wa kiangazi cha Ulaya. Aliporudi Tanga kwa likizo mwezi wa Desemba alitusimulia siku mbili mfululizo. Nami nimeyachukua masimulizi yake nikayapima kwa vitabu vya maktaba yetu na kwa maswali niliyomwuliza mwalimu wetu wa Jiografia, maana mabaharia twawajua: dagaa wa leo akisimuliwa kesho huwa papa.

Monaco ni dola iliyojibana kati ya mlima na bahari, pwani ya kusini ya Ufaransa, si mbali na mpaka wa Italia. Eneo lake lote ni kama kilometa za mraba 2 tu, na katika dola zote za dunia ni Vatikani peke yake iliyo ndogo kuliko hiyo. Mtu mwenye miguu mizuri aweza kuivuka kutoka mpaka mmoja hadi wa pili kwa muda wa kipindi kimoja na nusu cha darasani. Wakazi wake ni kiasi cha watu 38,000, lakini walio raia ni kama robo yao tu. Waliobaki ni wageni, wengi wao matajiri, waliovutwa na hali ya hewa njema na zaidi na sheria isiyotoza kodi ya mapato. Haina mfalme wala rais, bali hutawaliwa na Mwana Mfalme. Aliyepo sasa ni Albert wa Pili, aliyeshika madaraka mwaka 2005.

Meli yao ilifunga kwenye ukuta mrefu unaoilinda bandari iitwayo Hercule, na hapo ndipo mjomba aliposhangaa mara ya kwanza, kabla hata hajafika mjini. Ukuta huo hauna msingi chini ya bahari. Unaelea! Maji ya Monaco ni ya kina kirefu karibu kabisa na nchi kavu, na kumwaga mawe hata yatokeze juu ingekuwa kazi isiyo na mwisho. Kwa hiyo mafundi walijenga kama sanduku la zege, refu la meta 352, lenye uzito wa tani zaidi ya 160,000, huko Algeciras katika Hispania, kisha likakokotwa baharini mpaka Monaco mwaka 2002. Upande mmoja limeungwa na nchi kavu kwa kiungo cha chuma kinachocheza kama bega la mtu, na upande wa pili limeshikwa kwa minyororo iliyofungwa chini ya bahari. Ndani yake mna nafasi ya kuegesha magari. Mjomba alikulia karibu na gati la Tanga, na jambo hili alilirudia mara nne kwa watu mbalimbali waliokuja kumsalimu. Nadhani ndilo alilolipenda kuliko yote.

Alipewa ruhusa tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Basi akaanza na Mwamba, kama wafanyavyo watalii wote. Huo ni mlima wa jawe uliochomoza baharini, na juu yake ndipo ulipo mji wa zamani wenye vichochoro vyembamba. Anasema vilimkumbusha Mji Mkongwe wa Unguja, ila hakuna mtu apitaye na dele la kahawa. Mwisho wa vichochoro kuna uwanja, na kwenye uwanja kuna kasri la Mwana Mfalme. Kila siku saa sita kasoro dakika tano askari hubadilishana zamu kwa ngoma na tarumbeta. Askari wenyewe wengi ni Wafaransa, si watu wa Monaco.

Karibu na kasri pamesimamishwa sanamu ya mtu aliyevaa joho la mtawa, na chini ya joho ameshika upanga. Huyo ni François Grimaldi. Tarehe 8 Januari 1297 alibisha kwenye lango la ngome akijifanya mtawa, akafunguliwa, kisha yeye na wenzake wakaiteka. Ukoo wa Grimaldi ndio unaotawala hata leo, na kwenye ngao ya nchi wamechorwa watawa wawili wenye panga. Mimi naona ajabu kwamba hawakuificha habari hiyo. Watawala wengi wakipata nchi kwa hila hutafuta hadithi nyingine ya kusimulia.

Kanisa kuu liko hapo hapo juu, na wengi huenda kutazama kaburi la Grace Kelly, mcheza sinema wa Marekani aliyeolewa na Mwana Mfalme Rainier wa Tatu mwaka 1956, akafariki mwaka 1982 baada ya ajali ya gari. Mjomba alipita upesi, maana alitaka kwenda kwenye jumba la makumbusho ya bahari.

Jumba hilo limejengwa ukingoni mwa jabali kiasi kwamba ukilitazama kutoka baharini waona kama linaota kwenye jiwe. Lilifunguliwa mwaka 1910. Aliyelianzisha ni Mwana Mfalme Albert wa Kwanza, mtu aliyependa bahari kwa dhati, aliyesafiri na wataalamu kwa merikebu zake kupima vina vya maji na kukusanya viumbe. Baadaye, kuanzia mwaka 1957 hadi 1988, lilisimamiwa na Jacques Cousteau, yule mpiga mbizi mashuhuri. Mnamo mifupa ya nyangumi iliyoning'inizwa, na chini mna matangi makubwa ya kioo. Katika matangi ya bahari za joto mjomba aliwakuta jamaa zake wa zamani: chewa, taa, mkunga na wale samaki wadogo wa rangi rangi wa matumbawe. Watu walikuwa wakipiga picha na kuwaonyesha watoto. Naye alisimama pale akifikiri juu ya baba yake, yaani babu yangu mvuvi, aliyekuwa akimtoa mkunga kwenye dema huku akimtukana.

Sasa nifike mahali palipoitangaza Monaco duniani, yaani jumba la kamari la Monte Carlo. Kabla ya kulieleza ni lazima nirudi nyuma kidogo. Zamani nchi hii ilikuwa na miji mingine miwili, Menton na Roquebrune, iliyokuwa ikitoa malimau na mafuta ya zeituni, na hazina ilipata kodi yake huko. Mwaka 1848 miji hiyo ikajitenga, na mwaka 1861 mtawala akaikabidhi kwa Ufaransa kwa malipo. Akabaki na mwamba na vipande vya pwani. Ndipo ikaja shauri ya kamari. Waliojaribu kwanza walishindwa, kwa kuwa hapakuwa na njia nzuri ya kufika. Mwaka 1863 akaitwa Mfaransa François Blanc, aliyekwisha kutajirika kwa kazi hiyo hiyo Ujerumani. Kilima kilichoitwa Spélugues kikapewa jina jipya, Monte Carlo, maana yake mlima wa Charles, kwa heshima ya mtawala Charles wa Tatu. Reli ikafika mwaka 1868, wageni wakamiminika, na mwaka 1869 wenyeji wakaondolewa kodi. Ukumbi wa opera uliomo katika jumba hilo hilo ulijengwa na Charles Garnier, fundi wa jumba la opera la Paris, ukafunguliwa mwaka 1879. Siku hizi hazina ya Monaco haitegemei tena meza za kamari, bali zaidi kodi ya mauzo na biashara. Lakini jumba lingali linang'aa.

Mjomba alifika mbele yake mchana. Anasema kuna bustani, chemchemi, na magari ambayo watu wamesimama kuyapiga picha kama vile ni wanyama wa mbugani. Hakuingia. Viatu alivyovaa vilikuwa vya kazi, na kila kitu pale kilimwambia kwamba hakujengewa yeye. (Mimi ningerudishwa mlangoni kwa sababu nyingine, maana sharti uwe umetimiza miaka 18.) Mwenzake wa meli, Mfilipino aliyekwisha kufika pale mara nyingi, akamwambia neno lililomfanya akae chini kwenye benchi. Alimwambia kwamba watu wote wa dunia huruhusiwa kucheza humo wakiwa na umri na fedha, isipokuwa raia wa Monaco. Wao wamekatazwa na sheria ya nchi yao.

Ili mwelewe kwa nini alikaa chini, yafaa niseme habari ya nyumba ya bibi yangu. Mwaka juzi mjomba mkubwa alituma fedha za bati, apewe mjomba mdogo anunue na kusimamia uezekaji. Mjomba mdogo alizipeleka kwenye kamari ya simu, ile ya kubashiri mipira, akiandika ile wanayoiita mikeka usiku na mchana. Alishinda mara mbili, na hizo mara mbili ndizo zilizommaliza. Masika yakaja nyumba haina kichwa. Bibi alilala jikoni miezi mitatu, na mashine yake ya cherehani ikashika kutu. Mjomba mdogo akahama mji kwa aibu, na hata leo jina lake hutajwa kwetu kwa sauti ya chini.

Basi mjomba mkubwa alipokuwa akitusimulia alisema, "Mama, wale ni watu wenye akili. Wameuweka moto uwapikie, lakini watoto wao hawauchezei. Na sisi tungekuwa na sheria kama hiyo, paa lako lingekuwapo."

Bibi alikuwa akipeta mchele. Akauliza jambo moja tu, "Na hao wageni wanaoliwa, mwanangu, wao hawana mama?"

Mjomba hakumjibu. Akazungumza habari za chemchemi.

Nimelifikiri swali hilo muhula mzima, hata wakati wa maandalio ya usiku nilipopaswa kufanya hesabu. Katika bweni letu tulijadiliana, na wengi walikuwa upande wa mjomba: kila baba huwalinda wa kwake kwanza, na mgeni amekuja kwa miguu yake, hakuburutwa. Ni kweli. Hata hivyo mimi nasimama na bibi. Mtu anayemkataza mwanawe kula chakula fulani anakijua kile chakula. Akikipakua tena kwenye sahani nzuri, akakiwasha taa na kumkaribisha mtoto wa jirani, hawezi kusema hakujua. Nawasifu kwa nusu ya sheria yao. Nusu ya pili hawajaiandika, wala huku kwetu bado hatujaiandika hata hiyo ya kwanza.

Alipoinuka kwenye benchi, mjomba aliifuata barabara ya mashindano ya magari. Watu hudhani kuna uwanja maalumu, kumbe ni barabara za mji zilezile wapitamo watu waendao sokoni. Mashindano ya kwanza yalifanyika mwaka 1929. Mzunguko ni wa kilometa 3.337, na madereva huuzunguka mara 78. Mjomba aliuzunguka mara moja kwa miguu, akapita kona moja iliyopinda kama ndoana na tundu refu linalopita chini ya hoteli, akatokea bandarini akihema.

Saa nane na nusu alikuwa amebakiwa na tamaa moja tu: uwanja wa riadha wa Louis wa Pili. Uko Fontvieille, mtaa uliojengwa juu ya kifusi kilichomwagwa baharini, kwa kuwa nchi ilikwisha kujaa. Ukiupita kwa nje utadhani ni ofisi. Majani ya uwanja yako juu, na chini yake kuna bwawa la kuogelea na maegesho ya magari. Hapo ndipo watu wa Afrika Mashariki walipojiandikia majina kwa miguu yao. Beatrice Chepkoech wa Kenya alivunja rekodi ya dunia ya meta 3,000 za kuruka viunzi na maji mwezi wa Julai 2018, kwa dakika 8 na sekunde 44.32. Joshua Cheptegei wa Uganda akavunja ile ya meta 5,000 tarehe 14 Agosti 2020, kwa dakika 12 na sekunde 35.36. Na tarehe 21 Julai 2023 Faith Kipyegon, Mkenya pia, akaikimbia maili moja kwa dakika 4 na sekunde 7.64. Mambo hayo matatu yote katika nchi isiyotosha mbio ndefu bila kuvuka mpaka!

Milango ilikuwa imefungwa. Mjomba aliuzunguka uwanja kwa nje, akaweka kiganja chake ukutani, kisha akatazama saa na kuanza naye kukimbia, maana asiyefika melini kwa wakati hukatwa mshahara. Anasema Monaco ikitazamwa usiku kutoka baharini hupendeza kama kitu cha ndotoni, ila hayo aliambiwa na wahudumu wa juu. Yeye meli ilipong'oa nanga alikuwa amekwisha kuteremka chini ya maji, kwenye mashine, akipokea mashuka ya siku ile.