Mfanyabiashara wa Funyula

Hapa Busia ukimuuliza mtu anafanya kazi gani atakwambia "biashara", hata kama mali yake yote ni jozi tatu za viatu vya mtumba na debe la omena. Mpaka ndio shamba letu. Kwa hiyo nilipoamua kuandika juu ya mfanyabiashara aliyeingia siasa, sikwenda mbali. Nilimchagua Mzee Arthur Moody Awori, ambaye Wakenya walizoea kumwita Anko Moody.

Alizaliwa mwaka 1927, mmoja wa watoto wengi wa Kasisi Jeremiah Awori. Kabla ya siasa alikuwa mtu wa kampuni na vikao vya wakurugenzi. Ubunge wa Funyula aliupata mwaka 1983 akiwa na miaka 55, umri ambao watumishi wa serikali siku zile walikuwa wakifunga virago kustaafu. Yeye ndio kwanza alikuwa anaanza! Alikaa bungeni miaka 24, mingi kati ya hiyo akiwa waziri msaidizi.

Sisi Wasamia tuko Kenya na tuko Uganda, maana Waingereza waliihamisha sehemu hii kutoka Uganda mwaka 1902 bila kumuuliza mtu. Ndugu yake Moody, marehemu Aggrey Awori, alikuwa wa Uganda. Aliikimbilia nchi hiyo katika Olimpiki za 1960 na 1964, na mwaka 2001 akagombea urais dhidi ya Museveni. Hakufua dafu. Miaka miwili baadaye, Septemba 2003, baada ya kifo cha Michael Kijana Wamalwa, Rais Kibaki alimteua Moody kuwa Makamu wa Rais wa Kenya. Ajabu, sivyo? Nyumba moja, ikulu mbili zikinukia.

Lakini kwetu nyumbani jina lake hutajwa kwa sababu ya magereza, ambayo yalikuwa chini ya wizara yake tangu Januari 2003. Baba yangu mdogo alifungwa miaka hiyo kwa magendo ya sukari. Gereza lenyewe sitalitaja. Alikuta sakafu ya simiti, blanketi jembamba na chawa wasiohesabika. Walilala ubavu ubavu, na mmoja akitaka kugeuka, ilibidi wote wageuke. Kisha siku moja yakaja magodoro. Zikafuata sare mpya na televisheni. Watu wa nje walicheka wakisema wafungwa sasa wako hotelini. Baba mdogo yeye hakucheka. Anasema usiku wa kwanza juu ya godoro hakupata usingizi, alikuwa akiligusagusa tu.

Nadhani hapo ndipo ufanyabiashara ulipomsaidia Mzee. Alijua kwamba mfungwa siku moja atatoka, na jinsi atakavyotoka ni hasara au faida ya kijiji kizima.

Sisemi alikuwa malaika. Mwaka 2006 kamati ya bunge ilitaka aachie ngazi kwa sababu ya kashfa ya Anglo Leasing. Alikana makosa, akakataa kujiuzulu, wala hakushtakiwa. Mwaka uliofuata Funyula ikamchagua Dakta Paul Otuoma, daktari wa mifugo. Na mwaka 2018, Mzee akiwa na miaka 90, serikali ilimweka katika bodi ya hazina ya michezo na sanaa. Vijana walipiga kelele, na hapo mimi niko upande wa vijana.

Nyanya yangu hajutii kura yake ya 2007. "Miaka 24! Hata kwenye duka, mwenye kukaa kaunta hubadilishwa," husema. Baba mdogo humjibu, "Mama, wewe hujalala kwenye simiti." Nyanya naye, "Godoro la jela halipalilii mihogo." Wameyabishania haya tangu kabla sijazaliwa, na Krismasi iliyopita waliendelea hadi chai ikapoa.